Sokwe wa Serikali na Mume Wangu

Jina lake sitaliandika. Mume wangu alimpa jina la nyanya yake mzaa baba, jina ambalo mimi nilikuwa nimelitunza kwa ajili ya binti yetu wa kwanza. Binti hakuja, jina likaenda kwa mnyama. Kwa hiyo hapa ataitwa yule mwanamke, kama nilivyomwita miaka yote, na anayetaka kucheka acheke tu, nimeshazoea.

Alikuwa sokwe jike. Sisi wa Kolwezi tunasema sokomutu. Alifika angali mdogo wa kubebwa, ndani ya kikapu cha samaki wakavu, kwa treni iliyotoka kaskazini. Mchuuzi aliyemleta alitaka kumuuza kwa Wazungu wa mgodi. Watu wa Leta, ndivyo tunavyoiita serikali kwetu, wakamkamata mchuuzi palepale stesheni, na mtoto wa sokwe wakamkabidhi kwenye bustani ya wanyama ya kampuni ya mgodi, maana Leta yenyewe haikuwa hata na banda la kuku. Bustani ile ilikuwa nyuma ya klabu ya wakubwa wa mgodi. Kulikuwa na mamba, nyani, swala, kobe, na tai mmoja mzee, na mlinzi wao wote alikuwa mume wangu.

Ndoa yetu ilikuwa bado changa. Siku hiyo alirudi kutoka kazini na kitu kifuani, ndani ya shati, nikadhani ameniletea kuku. "Mama," aliniambia, maana tangu harusi aliniita mama ingawa sikuwa nimezaa, "angalia. Anatetemeka." Nikaangalia. Mikono mirefu, masikio makubwa ya mtoto wa shule aliyenyolewa vibaya, macho ya mtu. Alinitazama mara moja tu, akageuza uso, akajificha kwapani mwa mume wangu. Ee, nikasema moyoni, huyu amekwisha kuchagua.

Alilala kwetu mpaka alipopata nguvu. Mume wangu alimnywesha maziwa ya unga kwa chupa, akambeba mgongoni kwa kitenge ambacho mama yangu alinitumia kutoka Lubudi, kitenge cha kubebea mjukuu. Mwanamume mzima, mrefu, anapita nacho katikati ya kambi ya wafanyakazi mchana kweupe! Wanawake wa bombani hawakuniacha. "Mama, bwana yako iko na dezyem biro," walisema, na hilo ndilo jina tunalompa mwanamke wa pembeni wa mume wa mtu. "Tena huyu haogopake hata jua, banatembea naye mu barabara!" Mwingine anadakia: "Mapenzi ni kikohozi, haifichikake." Nilicheka nao. Nikifika nyumbani nililia, na nikimaliza kulia nilikifua kile kitenge kwa sabuni, nikakifua tena, na harufu haikutoka.

Sijui kama mnaujua wivu wa aina hii. Wivu wa mwanamke mwenzako una pa kwenda: unamfuata kwake, unamtukana, mnashikana nywele, majirani wanawaamua, unarudi umepumua. Mimi ningemfuata nani? Hata hivyo nilikwenda. Alikuwa ameshahamishiwa kwenye kizimba chake. Nilisimama mbele ya nyavu nikamwambia yote niliyokuwa nayo, ya kitenge, ya maziwa, ya jina. Alinisikiliza vizuri sana, kichwa ameinamisha upande. Kisha akaenda kwenye ndoo, akajaza maji mdomoni, akarudi, akanitemea usoni, mbele ya watoto wa shule waliokuja kutazama mamba.

Mume wangu alipoelezwa alicheka mpaka akakaa chini. "Ni wivu," alisema. "Na yeye iko na wivu yako." Alilisema kama habari njema, na siku hiyo hakula kwangu.

Lakini kilichonichoma zaidi ni sheria. Kila mwaka, mvua zikiisha, alikuja mkaguzi wa Leta, mtu wa mambo ya mazingira, na mita ya fundi mfukoni. Nilimkuta mara nyingi nilipompelekea mume wangu chakula cha mchana. Alikuwa mtu mpole, msema polepole. Ndiye aliyetueleza kwamba mnyama wa namna hii haruhusiwi kabisa kuwindwa, na hakuna mtu awezaye kummiliki, hata kampuni. Ni wa Leta. Kampuni imewekewa amana tu, kwa kibali, na kibali kinaweza kunyang'anywa. Haiwezi kumuuza, wala kumtoa zawadi, wala kumpeleka mji mwingine bila karatasi ya Leta. Akisafiri, sanduku lake liwe na hewa na maji, na mtu anayemjua akae karibu naye njia nzima. Akiugua aitiwe daktari. Akifa, maiti ioneshwe, isije ikasemekana ameliwa. Na siku zote awe na mlinzi aliyetia sahihi, mtu ambaye mnyama anakubali kupokea chakula mkononi mwake.

Mkaguzi alipima kizimba, akatikisa kichwa. "Hii ni kidogo. Anakomaa. Muongeze, na mutie kivuli." Kampuni ikaongeza, haraka kabisa. Saruji, bati jipya, kamba za kurukia, kitanda cha mbao! Nyumba yetu ya kambi ilikuwa vyumba viwili, na bati la upande wa jikoni lilivuja tangu tulipoingia. Mume wangu aliomba bati moja, akaambiwa asubiri. Nikamuuliza mkaguzi, "Tata, na kwangu utakuya kupima siku gani?" Akacheka. Mume wangu naye akacheka. Mimi sikuwa nimefanya mzaha.

Kisha kampuni ikaanza kufa. Mgodi mkubwa wa chini ya ardhi uliporomoka, pampu za kupeleka tope la mgodi kwenye bwawa la Kingamyambo zikawa zinanyamaza siku nzima, mshahara ukawa hadithi, na mposho, yaani unga na maharagwe na samaki tuliokuwa tukigawiwa kila mwezi, ukakatika. Askari wakapora maduka, Wazungu wakaondoka, klabu ikafungwa. Wanyama nao wakafuata. Swala walikwisha mmoja mmoja, na sisemi walikwenda wapi, lakini harufu ya nyama kambini niliisikia. Tai akafa. Mamba na nyani Leta iliwahamishia kwenye mji mkuu wa mkoa, kwa karatasi zao. Wakabaki kobe na yule mwanamke, kwa sababu lori lenye nafasi ya sanduku lake halikupatikana tena.

Mkaguzi alizidi kuja, sasa kwa baiskeli. Akasema mnyama amekonda. Mimi pia nilikuwa nimekonda, hakuna aliyeandika. Na nikagundua kwamba mume wangu anampelekea viazi vitamu vya shamba langu, shamba nililolilima peke yangu kule nyuma ya Kingamyambo kwa jembe la kuazima. Nikamkamata mlangoni na kikapu.

"Weka pale."

"Mama, hajakula tangu jana."

"Na mi? Mi nilikula nini jana?"

Hakukiweka. Huku kwetu hata mnyama aliye hai tunamwita nyama. "Ile ni nyama ya Leta. Akikufa, ni mi bataulizaka."

"Ah bon! Na mi nikikufa, bataulizaka nani?"

"We uko na mudomo ya kuomba," akasema. "Yeye hana."

Nilimtupia sufuria. Haikumpata, ilipasua kioo cha dirisha, na kioo hicho nacho hakikutengenezwa tena.

Basi nikaamua kwamba kama viazi vyangu vitaliwa, vitaliwa kwa mpango wangu. Nikawa navipika mwenyewe, vya yule mwanamke bila chumvi maana mkaguzi alikataza, na kuvipeleka mwenyewe, ili nione kinachoingia mle ndani ni kiasi gani. Msimu wa masuku, yale matunda ya porini, nilikwenda kuokota nikamgawia yaliyopasuka. Si kwa mapenzi, msinielewe vibaya. Nilikuwa nalinda chungu changu. Mwanzoni alininunia, akitaka kupokea kila kitu kwa mume wangu tu. Njaa ikamfundisha adabu. Akawa anapokea kwangu, ila macho yake yako kwa mwanamume.

Halafu yakaja maneno ya mikutano ya siasa, kwamba watu wa Kasai, mkoa jirani, warudi kwao, wamekula vya wenyewe vya kutosha. Mume wangu alizaliwa Kolwezi, hospitali ya kampuni. Baba yake ndiye aliyekuja kuchimba shaba angali kijana. Kasai hakuwahi kuiona hata kwa dirisha la treni. Lakini jina lake lilikuwa la kule, na jina lilitosha. Mimi ni Muluba wa Katanga, mtu wa Lubudi, kwa hiyo mimi sikuguswa. Vijana walipita kambini wakiimba, wakiwaita watu wa Kasai bilulu, yaani wadudu. Siku walipopita mbele ya mlango wetu, mume wangu alikuwa anakula. Akala bukari yake, yaani ugali, mpaka mwisho, akanawa mikono.

"Bilulu haina enspekteri," alisema, maana ndivyo tulivyomwita mkaguzi, akacheka peke yake.

Familia zikajaa stesheni. Zilikaa pale majuma, zikingoja treni chini ya maturubai na mashuka, godoro kwa godoro. Kuhara kukaingia, watoto wakazikwa karibu na reli. Nilikwenda kumpelekea maji jirani yetu, mke wa karani, nikamkuta ameketi juu ya cherehani yake ili isiibiwe, jua linampiga utosini. Nilirudi kwa njia ya klabu, nikamwona yule mwanamke amejinyoosha kwenye kitanda chake cha mbao, chini ya bati, anajikuna tumbo. Jamani, nilimwonea wivu mchungu, nikashika nyavu kwa mikono yote miwili. Haukuwa tena wivu wa mume peke yake. Yule hakuna kijana wa kumpa siku moja ahame. Ingebidi kwanza Leta iandike, sanduku lipimwe, maji yatiwe, na mtu wake apande naye.

Kaka yangu akaja kutoka Lubudi kunichukua. "Rudi kwetu," alisema. "Bwana ya Kasai ataenda kwabo. We utabakia na nini? Hata mutoto hamuna." Nikamwambia ninakwenda na mume wangu. Kasai sikuijua, na Kiluba cha huko nakisikia nusunusu, lakini nilitaka kitu kimoja tu duniani: nipande treni na mume wangu, nikae kando yake, na yule mwanamke abaki nyuma ya nyavu zake. Nasema ukweli, nilikuwa nimeanza kuifurahia safari ile. Watu wanafukuzwa, wanalia, na mimi nafunga mizigo kama bibi harusi. Hatimaye ningekuwa naye peke yangu.

Siku ya treni yetu ilifika. Nilikuwa nimefunga godoro na sufuria. Mume wangu ameketi nje, mikono magotini.

"Siwezi kuenda," akasema. "Remiz-repriz haiyafanyika."

Aliyewahi kufanya kazi kampuni au kwa Leta huku kwetu analijua neno hilo. Hakuna anayeacha kazi hivihivi. Anayetoka na anayeingia wanasimama pamoja mbele ya mkubwa, wanataja kila kitu, ufunguo, ndoo, koleo, mpaka ufagio, wote wanatia sahihi, ndipo anayetoka yuko huru. Ukihama, ukistaafu, hata ukifukuzwa, remiz-repriz kwanza. Watu wamepigania remiz-repriz ya ofisi isiyo na kiti! Lakini wakati ule wakubwa wenyewe walikuwa wamekimbia na funguo mifukoni, na mume wangu mimi anataka kukabidhi ndoo.

"Acha ufunguo pa meza, tuende!" nikamwambia.

"Mulinzi mwenye kutia sahihi hawezi kuacha nyama mupaka mwingine atie sahihi. Ni sheria."

"Sheria! Na bale banakufukuza, banakufukuza na sheria gani?"

Akainua uso. "Banasema shiye ba Kasai ni bezi. Mi nikitoroka, nyama ikikufa mule ndani, batasema: munaona? Mukasai alikimbia na kintu ya Leta. Hapana. Mi nitatoka na mikono safi, mama."

Hiyo ilikuwa sababu njema, najua. Mke mwingine angemheshimu. Mimi nilimtazama machoni nikaona sababu ya pili nyuma ya ile ya kwanza, imejificha vibaya. Hakuweza kumwacha. Treni ikapiga honi, ikaondoka bila sisi. Nikalifungua godoro, nikalitandika, na sikusema naye hata neno mpaka kesho yake jioni.

Haikupita juma, vijana wakaja na mkaa, wakachora msalaba kwenye mlango wetu. Kiongozi wao nilimjua. Utotoni alikuwa akija kutazama mamba, na mume wangu alikuwa akimwinua begani aone vizuri. Aliongea na mimi kwa heshima kabisa. "Mama, we ni wetu. Lakini yeye, treni inakuya ni ya mwisho. Kama iko hapa nyuma yake, tutachoma nyumba na yeye ndani." Mume wangu alisikia kila neno. Akachukua ndoo yake, akaenda kazini.

Nami nikaenda kwa mkaguzi, karibu nikimbie. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya posta. "Tata enspekteri," nikamwambia, "patia bwana yangu mutu wa kumuachia kazi, leo." Akasema mtu yupo, kampuni ilishamtaja, dereva wa zamani wa klabu, ila amejaribu mara kadhaa na mnyama hataki kula kwake, na bila hivyo yeye hawezi kutia sahihi, sheria inamkataza.

"Na mulinzi mwenyewe? Sheria inasema nini juu ya mulinzi? Batamuchoma!"

Akatazama meza. "Mama, hii sheria ni ya banyama. Ya batu haiko mu hii biro."

Hakulisema kwa ubaya, na hilo ndilo lililonipandisha. "Basi andika bwana yangu ni nyama!" nikampigia kelele. "Andika ni nyama ya Leta! Andika hawezi kutoka hapa bila karatasi, na sanduku ya hewa, na maji, na mutu mwenye kumujua pembeni! Andika, mi nitachukua!" Watu wa posta wakaja mlangoni kutazama. Mkaguzi akachukua kofia yake na muhuri wake, tukatoka pamoja.

Pale kizimbani walikuwa wawili, mume wangu na yule dereva. Dereva alisimama mbali, ndizi mkononi, jasho linamtoka. Kila akisogea, yule mwanamke anasimamisha manyoya, anapiga bati kwa ngumi, anamrushia mavi yake. Ndizi ikatupwa ndani, akaikanyaga. Wakajaribu tena mume wangu akiwa amejificha nyuma ya klabu. Akapiga kelele mpaka sauti ikamkauka, na chakula hakukigusa.

"Atakufa na njaa," akasema mkaguzi. "Siwezi."

Mimi nilikuwa na bakuli langu la viazi, maana ilikuwa saa yake. Nimechoka, nina hasira, nimewachoka wote watatu. "Muondoke pale," nikasema, nikapitisha mkono kwenye nyavu. Yule mwanamke akaja. Akanusa vidole vyangu kimoja kimoja. Akachukua kiazi, akaketi, akala.

Kisha mkaguzi akaniuliza polepole, "Mama, we ni mutoto wa wapi?"

"Wa Lubudi."

"Wa hapa," akasema, si kwangu, kwa mume wangu. "Hakuna mutu atamugusa."

Wao walielewa kabla yangu. "Aka!" nikasema nilipoelewa. "Mi? Na huyu? Hata kidogo! Mi ninaenda na bwana yangu!" Mkaguzi akaanza kunibembeleza kwamba ni ya muda tu, mtu atatumwa kutoka mji mkuu wa mkoa, nami nitafuata kwa treni nyingine. Nikamgeukia mume wangu. Kama angeniomba, ningekataa, naapa. Hakuniomba. Alisimama tu na ufunguo kiganjani, anaugeuza, na nikaona kwamba nisipotia sahihi hatapanda ile treni. Atakaa hapa na ndoo yake mpaka waje na petroli. Na nikitia sahihi atapanda, peke yake.

Nikatia sahihi.

Remiz-repriz ikafanyika. Mume wangu alitaja kila kitu kwa sauti, kama kanuni inavyotaka, nami nikajibu nimepokea. Ufunguo, nimepokea. Ndoo, nimepokea. Koleo, kamba, kobe, nimepokea. "Sokomutu mwanamuke, muzima," akasema, na hapo sauti ikamkatika, ikabidi aanze upya. Jioni, tulipokuwa tunatenganisha mzigo wake na wangu, sufuria hii kwako, hii kwangu, sauti yake haikukatika hata mara moja. Nilisikiliza sana.

Stesheni alipanda behewa la mizigo, akabanwa mlangoni kati ya vitanda na mbuzi wa watu. Nilidhani ataniambia neno la mume kwa mke. "Usimutilie chumvi!" ndilo alilopaza. "Na akikohoa, muite daktari mbiombio!"

"Na mi?" nikapiga kelele. "Na mi nikikohoa?"

Treni ilikuwa imeshaanza. Alinipungia kwa mkono wote. Nilimpenda mtu yule kiasi kwamba ningeweza kumwua.

Mtu wa kutoka mji mkuu wa mkoa hakuja. Mkaguzi aliendelea kupita na mita yake kwa muda, kisha naye akaacha; Leta ilikuwa haimlipi, akarudi kwao kulima. Nyumba ya kambi wakapewa wengine. Nikahamia mtaa wa Kasulo, wakati ule watu hawajaanza kuchimba kobalti chini ya vitanda vyao, na kila asubuhi nilivuka mji na sufuria yangu ya viazi. Kaka yangu alikuja tena, akaniita mwendawazimu. Angenielewaje? Ningeweza kuacha ufunguo mezani kama nilivyomshauri mwenzangu. Lakini yule mwanamke angekufa, na habari ingefika Kasai, na mume wangu angemlilia. Sikutaka amlilie. Na kilio chake nacho nimpe yule mwanamke?

Habari zake zililetwa na mfanyabiashara mmoja Mwislamu, mtu wa asili ya mashariki, aliyekuwa akipanda na kushuka reli na marobota ya vitenge. Mwanzoni: amefika, mzima, amelala kwenye uwanja wa kanisa. Baadaye: amepata kibarua. Mimi nikatuma maneno kwamba naja, mtu wa kunipokea kazi akipatikana. Kisha kimya, masika na kiangazi, na masika tena.

Siku aliyorudi, mfanyabiashara hakushusha robota. Alikaa kwenye kigoda changu, akavua kofia yake, akaizungusha mikononi.

"Mama, bwana yako ni muzima."

"Mungu asifiwe."

"Iko na nyumba."

"Vizuri."

"Mu nyumba iko bibi. Na mutoto, mwanamuke, anaanza kutembea."

Asiyekuwepo na lake halipo, wahenga walishasema, na wao hawakunijua hata mimi. Nilikaa pale nikijaribu kumwona huyo bibi, mke mwenzangu, na uso haukuja. Miaka yote nilimlinda mume wangu upande wa nyavu, nikapima viazi, nikanusa kitenge, na mwanamke mwenyewe alikuwa mahali ambapo sijawahi kukanyaga, ana miguu miwili na nywele za kusuka. Nilitaka kujua kama ni mrefu. Nilitaka kujua anapika nini. Sikuuliza.

"Alinitumia salamu?" nikauliza.

Mfanyabiashara akainamisha macho. "Alituma swali. Aliniambia nikuulize kama ile nyama inakula."

Nilicheka, nikasikia mwenyewe kicheko kilivyo kibaya. Kisha nikafuta uso kwa upindo wa kitenge, nikasema polepole ili asisahau njiani.

"Mwambie anakula. Anakula mu mukono yangu. Ananenepa, analala muzuri. Na umwambie hamukumbukake tena. Hata kidogo."

Akayarudia maneno kama nilivyoyasema, akavaa kofia, akaenda zake.

Ulikuwa uongo. Kila asubuhi nilipofungua mlango wa nyavu, kabla ya kunyoosha mkono, yule mwanamke alichungulia kwanza nyuma yangu, bega hili, halafu bega hili, kuona kama kuna mtu anayenifuata. Ndipo alipochukua kiazi.